Ukurasa wa Kwanza Tu

Jumatatu, 8 Julai 1996

Baridi. Ukungu haujaondoka mjini Nyeri tangu asubuhi. Slipu za malipo ya maziwa hazijakwisha. Za wakulima wa Mweiga nimechapa, kesho Chaka. Vidole vimekufa ganzi. Meneja amenunua hita na ameiweka chumbani kwake, chini ya meza yake, karibu na miguu yake.

Guka amekufa. Babu wa mume wangu. Jana, nyumbani Mweiga, usingizini. Baba mkwe alikuja ofisini na gambuti zenye matope, akapanga foleni nyuma ya wakulima kama mtu aliyekuja kudai maziwa yake. Zamu yake ilipofika akaniambia. Ndivyo alivyo, hawezi kuruka foleni hata kwa kifo. Mazishi ni Jumamosi. Anataka nimchapie tangazo la kubandika makanisani na madukani. Kurasa mbili: wa kwanza jina, siku na mahali, wa pili maisha ya mzee na kizazi chake chote. Mama mkwe ameagiza msalaba wenye maua kwenye huo wa pili. Mkubwa, amesema. Jina la ubatizo hawalitaki. Mzee alibatizwa mwaka jana tu na hakuwahi kuliitikia.

Wachira hajui. Aliondoka Jumamosi na lori la mahindi kwenda Marsabit. Labda yuko Isiolo anangoja msafara wa askari, labda ameshapita. Yadi ya malori wamesema watatuma neno kwa dereva atakayefuata. Naichukia barabara hiyo. Mtu akishapita Isiolo ni kama amemezwa. Kila safari yake ya kaskazini mimi hulala nikisikiliza lango. Majambazi, magurudumu, breki. Namwambia yeye kwamba nimezoea. Sijazoea.

Atalia sana. Guka ndiye aliyemlea na ndiye wajina wake. Ukoo huu una majina mawili tu, wanarithishana kama sweta ya shule. Guka ni Wachira Ngatia. Baba mkwe ni Ngatia Wachira. Mume wangu ni Wachira Ngatia. Mwanangu ni Ngatia Wachira. Mimi ni Mama Ngatia na nimeridhika.

Jumanne, 9 Julai

Siku mbaya.

Saa ya chai nilituma tangazo la guka kwenye printa. Kimya. Printa iko kule kaunta, mbali na meza yangu, na tangu watuwekee mtandao huu kompyuta zote za ofisi zinaitegemea hiyo moja. Nikadhani haijasikia. Nikatuma tena. Kimya. Nikatuma mara ya tatu kwa hasira. Ndipo ikaanza.

Ukurasa wa kwanza ukatoka, safi kabisa. TANGAZO LA KIFO. WACHIRA NGATIA, BABA YAKE NGATIA, WA MWEIGA. MAZISHI JUMAMOSI. Printa ikatulia, taa zikapepesa, nikangoja wa pili. Ukatoka wa kwanza tena. Ikatulia, ikapepesa, wa kwanza tena. Wa pili hautoki. Nikaizima. Nilipoiwasha ikaendelea palepale, kama mtu aliyekatizwa maneno.

Nikajaribu kuifuta kazi hiyo kutoka kwenye kompyuta yangu. Ikaniambia sina ruhusa. Mwenye ruhusa ni Muriithi wa hesabu, na Muriithi yuko likizo Kagio akivuna nyanya. Nikaenda kung'oa waya wa seva, ile kompyuta anayoifungia kabatini. Meneja akanishika mkono. Ati humo ndimo yalimo maziwa ya watu wote, nisithubutu. Basi. Tukizima printa wakulima hawapati slipu. Tukiiwasha inamtangaza guka.

Meneja hakufoka sana. Alisema tu kwamba mali ya ofisi si ya matanga ya watu. Nilitamani afoke.

Karatasi zilikuwa zinadondokea upande wa wakulima na wakawa wanaziokota. Mama mmoja mwenye duka Chaka alichukua rundo zima. Akasema, "Hizi usitupe. Mimi nitapatia watu wa gari wafikishe huko juu mpaka Nanyuki." Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote. Niliona heri zifanye kazi kuliko kuwashia jiko.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi mlinzi wetu Njogu alivua kofia aliponiona. Njogu havui kofia hata kwa meneja. Akasema, "Pole Mama Ngatia. Na ulikuja kazi hata hivyo." Nikasema asante, mzee alikuwa ameshiba miaka. Akanitazama. Akashika ile karatasi ya tangazo kwa mikono miwili akaiangalia tena. Akasema, "Mzee gani?"

Hapo ndipo nilipoisoma kama mtu mwingine anavyoisoma.

Wachira Ngatia. Baba yake Ngatia. Wa Mweiga. Kila neno ni la guka na kila neno ni la mume wangu. Miaka ya mzee iko ukurasa wa pili. Wajukuu wako ukurasa wa pili. Kila kitu kinachosema huyu ni mzee wa mvi kiko kwenye ukurasa ambao printa imekataa kuutoa.

Nilikimbia kaunta. Meneja alikuwa ameiwasha ajaribu bahati yake na slipu. Karatasi za tangazo zimelala sakafuni. Mume wangu amekufa, amekufa, amekufa. Niliichomoa waya ukutani. Meneja akairudisha. Tukavutana mbele ya watu. Aibu. Mwishowe akakubali izimwe mpaka Muriithi apatikane, na nimpate mimi mwenyewe, kwa miguu yangu.

Jioni nilipofika nyumbani Ruring'u nilikuta wanawake wa chama chetu mlangoni kwangu. Wamekuja na kuni, unga na majani ya chai. Nikawaeleza. Ni guka, si Wachira. Wachira yuko safarini. Wakatazamana. Mama Wambui, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akanishika bega akasema polepole, "Haya. Hata ni vizuri useme hivyo kwa sasa." Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunihurumia. Wanadhani sijaambiwa. Au nimeambiwa na akili imekataa. Nilifungua mlango kwa sababu sikujua la kufanya. Waliwasha moto jikoni kwangu, wakaimba polepole. Mmoja alimpakata Ngatia na kumpapasa kichwa. Nikamnyang'anya.

Nimeudhika. Na chini ya maudhi kuna kitu kingine, kidogo, kibaridi. Sitakiandika.

Alhamisi, 11 Julai

Nitakiandika. Bibi yangu alikuwa akisema: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Nimeamka nalo mdomoni.

Nilikwenda Kagio. Nilimpata Muriithi sokoni, ameketi juu ya kreti za nyanya zake, akibishana na mnunuzi. Hakufurahi. "Mimi niko likizo. Kompyuta haiozi. Nyanya inaoza." Nikampa ile karatasi. Akaisoma, akashuka kwenye kreti. Wachira humbebea mbolea bure kila akipita Sagana. Ikabidi niseme haraka kwamba ni guka. Huyu aliniamini mara moja, mtu wa kwanza wiki hii. Ningemkumbatia pale pale sokoni.

Tulifika Nyeri mchana. Akafungua kabati, akaita orodha ya kazi zilizo kwenye foleni. Zangu tatu zikiwa juu, na slipu za Chaka nyuma yake zikingoja kama wagonjwa. "Ulituma hii kitu mara tatu?" Nikakubali. Kisha akaufungua ukurasa wa pili akacheka. "Ni hii msalaba. Printa haina nafasi ya maua yote hii. Inajaribu, inashindwa, inaanza upya." Kumbe kuizima hakukusaidia. Kazi haikai kwenye printa. Inakaa kwenye seva na kila ukiwasha inaletwa upya kutoka mwanzo. Maua ya mama mkwe.

Akachagua ya kwanza. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika anataka kufuta. Akabonyeza. Ya pili. Ya tatu. Niliona mstari wa mwisho ukitoweka na nikapumua mpaka mabega yakashuka. Printa ikatulia. Halafu ikaanza kutoa slipu za Chaka, na nikasikia wakulima wakicheka huko kaunta. Nilitaka kulia kwa raha.

Kisha simu ya meneja ikaita. Natafutwa mimi. Dada yangu Wanjiku, kutoka Nanyuki. Alikuwa akilia hata hawezi kusema. Ati amesikia kwenye kituo cha petroli kwamba dereva Wachira Ngatia amekufa. Nikamwambia, Wanjiku, hiyo ni karatasi yangu. Nikamweleza yote. Akauliza, "Hiyo karatasi yako ilisema ni lori?"

Haikusema.

"Hapa wanasema ni lori. Ati limebingirika."

Ijumaa, 12 Julai

Sijalala.

Nafikiri hivi. Mtu Nanyuki amepata karatasi. Anamjua Wachira, anajua ni dereva. Mwingine anauliza amekufaje, na huyu hataki kuonekana hajui. Dereva hufa kwa gari. Basi lori limebingirika. Inaeleweka. Hivyo ndivyo watu walivyo.

Au lori limebingirika.

Siwezi kutofautisha. Hilo ndilo linaloniua. Ningekuwa sikuchapa chochote ningejua kwamba habari kutoka Nanyuki ni habari. Sasa kila neno linaloshuka barabara ile huenda ni neno langu mwenyewe linarudi nyumbani limevaa koti jipya. Na huenda silo.

Nilikwenda yadi ya malori. Karani wao alisimama aliponiona, akaniletea kiti. Nikamwuliza amesikia wapi. Kwa mtu wa Chaka. Na mtu wa Chaka? Hajui. Na lori lenyewe, limepatikana? Hajui. Hakuna gari lililoshuka kutoka Marsabit wiki hii, msafara umezuiwa, hawajaambiwa kwa nini. Akaniuliza mimi nimesikia wapi. Nikasema Nanyuki. Akaandika Nanyuki kwenye kitabu chake kana kwamba nimemthibitishia. Nikamwambia afute. Akafuta, lakini kwa huruma.

Ofisini wamenikusanyia kitu kwenye bahasha. Nimekataa. Meneja mwenyewe ameniletea hita yake mezani pangu. Hapo niliogopa zaidi kuliko siku zote. Mtu mchoyo akikufanyia wema ujue ameamini.

Ngatia ameniuliza baba anarudi lini. Nimesema Jumatatu. Sijui kwa nini nimetaja siku.

Jumamosi, 13 Julai

Tumemzika guka. Matope mpaka magotini. Ukungu wa Mweiga mzito hata wapiga koleo hawakuonekana vizuri, sauti tu ya udongo.

Baba mkwe alisimama mbele ya watu wote akasema kwa sauti kavu, "Huyu tunazika ni baba yangu. Kijana yangu yuko kazini. Anayetaka kulilia kijana arudi kwake." Watu wakainamisha vichwa. Kisha mchungaji akaanza kuomba na kila alipotaja jina, Wachira, macho yalinijia mimi. Si kwa mke wa mzee, aliyeketi kitini na blanketi magotini. Mimi. Nilitaka kupiga kelele. Nilitazama viatu vyangu.

Baadaye mama mkwe alinishika mkono jikoni. Akaushika kwa muda mrefu na kuusugua kwa kidole gumba, jinsi mjane anavyosuguliwa mkono. Hata yeye. Mama mzazi wa mume wangu.

Nilitoka nikasimama nyuma ya ghala la viazi.

Nimeomba. Si sala nzuri. Nimesema, umeshamchukua Wachira mmoja, jina limetosha. Kisha nikaogopa kwamba nimeomba kama mtu anayepatana bei.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani. Hakuna gari lililoshuka.

Nimefua mashati yake yote, hata yaliyo safi. Kisha nikajiuliza ni nani hufua nguo zote za mtu. Nikayaacha kwenye kamba. Hayatakauka na baridi hii.

Jumatatu, 15 Julai

Amekuja.

Sijui niandike vipi. Nilikuwa kaunta nikigawa slipu. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanaongea, kisha kuanzia mlangoni wakaanza kunyamaza mmoja baada ya mwingine. Nikainua macho. Amesimama hapo, ndevu za wiki nzima, vumbi jekundu masikioni, koti limechanika. Watu wamempisha kama anayebeba jeneza. Mama mmoja amejifunika uso kwa leso.

Akasema, "Nimesikia nimekufa. Nikaona nikuje nikwambie mapema, usianze kugawa viatu yangu."

Nilizunguka kaunta nikampiga kifuani. Nilikuwa na stepla mkononi na nikampiga nayo. Mara nyingi. Watu wakacheka, Njogu akalia kwa sauti, meneja akatoka chumbani kwake na kurudi. Wachira alinishika mikono yote miwili akawa anacheka. Alikwama Marsabit, msafara ulizuiwa kwa sababu daraja lilikuwa limeliwa na maji. Lori halikubingirika. Hakuna lililobingirika. Aliposhuka Isiolo taniboi mmoja wa lori jingine alimwona akatupa kikombe chake cha chai. Nanyuki mtu wa petroli alikataa kushika pesa zake. Chaka walimgusa. Alikuwa akiyasimulia haya kwa wakulima na kila mtu anajishika mbavu. Kutoka Isiolo mpaka Nyeri alikuwa anacheka njia nzima, amesema. Akaokota karatasi moja iliyobaki chini ya printa akawaonyesha. "Hata mnisomee vizuri. Mazishi yangu ilikuwa Jumamosi na hamkuniita."

Hapo nikatambua kwamba hajui.

Nimeogopa wiki nzima kuletewa habari. Sikuwahi kufikiri kwamba ni mimi nitakayeitoa. Nikamwambia, Wachira. Hiyo karatasi si uongo. Ilimchukua muda. Bado alikuwa na tabasamu na karatasi iko hewani. Kisha akaishusha, akaisoma, akaisoma, na nikaona uso wake ukielewa. Akaketi sakafuni pale pale, mgongo kwenye printa, buti zake katikati ya foleni. Akasema kwa Kigikuyu, polepole, "Guka."

Akalia. Alilia jinsi mtu mzima asivyolia mbele za watu. Na nikiwa nimepiga magoti kando yake nikajua jambo la aibu. Wiki nzima kumekuwa na kuni, unga, nyimbo, bahasha, hita, na machozi mpaka Nanyuki. Hakuna aliyemlilia mzee. Hata mimi. Nilisimama kaburini kwake nikitazama viatu vyangu. Huyu ndiye wa kwanza.

Hakuna aliyeomba slipu mpaka aliponyanyuka mwenyewe.

Jumanne, 16 Julai

Mweiga. Tumekwenda kaburini yeye na mimi na Ngatia. Ukungu umeinuka. Msalaba wa mbao una jina lote na rangi bado haijakauka vizuri. Aliusoma jinsi wakulima wanavyosoma slipu, kutoka juu mpaka chini, wakitafuta kosa. Hakupata. Akachukua jembe akaupandisha udongo uliotelemka na mvua. Baba mkwe alikuja akasimama naye. Mama mkwe alimpikia nyama na akakaa kumtazama akila mpaka yeye akaona haya.

Chapa hiyo ya msalaba wenye maua haikuwahi kutoka. Hakuna aliyeuliza.

Jumanne, 23 Julai

Ananiambia anarudi barabarani kesho. Nimemwomba atafute kazi mjini. Amesema lori halijiendeshi na yeye hajui kufanya kingine. Amesema, "Si umeona? Hata nikifa narudi." Sikucheka. Alijaribu kunichekesha jioni yote kisha akachoka.

Nimejua kitu ambacho sikukijua kabla. Najua sasa habari hiyo inakujaje. Inakuja kwa watu wema, na kuni, na mikono inayosuguliwa. Na siku itakapokuja kweli nitasimama mlangoni nikiwaeleza kwamba wamekosea. Nimempigia pasi mashati manne.

Alhamisi, 25 Julai

Slipu za Mweiga. Printa inafanya kazi vizuri. Natuma mara moja na kungoja, hata ikichelewa. Muriithi amerudi Kagio kwa nyanya zilizobaki.

Wachira alifika Isiolo salama. Nilimlazimisha aahidi kupiga simu, naye hupenda kusahau. Amepiga saa ya chai. Meneja alikuja kuniita mwenyewe na akatoka nje akaniachia chumba.

Laini ilikuwa mbaya, upepo mtupu. Akasema, "Ni mimi."

Nikasema, "Wewe nani?"

Nadhani alielewa sichezi. Akasema, "Wachira Ngatia."

Nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Nikamwambia aseme tena, akasema bila kuuliza kwa nini, polepole, mpaka laini ikakatika. Nikaweka simu chini na kurudi kaunta, foleni ilikuwa imefika mlangoni.